Mtihani wa Kutojua ya Kesho

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa baada ya Sala ya Ijumaa)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa minong'ono: hali ya mtu aliye na kazi leo, lakini hajui kama atakuwa nayo mwezi ujao. Juu ya umaskini yamesemwa mengi, na juu ya kukosa kazi vile vile. Lakini huyu aliye katikati, ambaye hajaachishwa wala hana amani, hakumbukwi. Mshahara wake bado unaingia, basi hakuna ampaye pole. Nasi twaona kwamba mtihani wake ni mzito, na kwamba ndani ya misikiti yetu wamo wengi wanaoubeba kimya kimya.

Ili tusiseme kwa kubahatisha, tumechagua mfano mmoja ulio wazi, nao ni wa kampuni ya Meta ya California, Marekani, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp. Tumeichagua kwa kuwa mambo yake yalitangazwa hadharani, na kwa kuwa athari zake zilifika hata Nairobi.

Yaliyotokea

Tarehe 9 Novemba 2022 mkuu wa kampuni hiyo, Bwana Mark Zuckerberg, aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba zaidi ya watu 11,000 wangeachishwa kazi, yaani kama asilimia 13 ya wote. Alieleza kwamba wakati wa maradhi ya Korona shughuli nyingi zilihamia kwenye intaneti, naye akadhani ongezeko lile lingedumu, akaajiri watu wengi, lakini halikudumu. Walioachishwa huko Marekani waliahidiwa mshahara wa wiki 16, pamoja na wiki mbili kwa kila mwaka wa utumishi, na bima ya afya ya miezi sita.

Waliobaki wakashusha pumzi. Lakini tarehe 14 Machi 2023 likaja tangazo la pili, kwamba wengine wapatao 10,000 wataondolewa. Safari hii hawakuambiwa wote kwa siku moja. Watu wa idara ya kuajiri wangejulishwa mara moja; wahandisi na mafundi wangejua mwishoni mwa Aprili; na watu wa idara za biashara mwishoni mwa Mei. Tuzingatie jambo hili. Mhandisi aliyesoma tangazo lile alirudi nyumbani akijua kwamba panga limeinuliwa, na kwamba lingekaa hewani kwa muda wa wiki sita. Mwenzake wa biashara angengoja zaidi ya miezi miwili. Na katika siku zote hizo alitakiwa afike kazini, ahudhurie mikutano, na afanye kazi kama kwamba hapana jambo.

Mwisho wa mwaka 2022 kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 86,000. Mwisho wa mwaka 2023 walibaki kama 67,000. Wala haikuwa kampuni iliyofilisika. Faida yake ya mwaka 2022 ilikuwa kama dola bilioni 23, na ya mwaka 2023 kama dola bilioni 39. Basi anayedhani kwamba watu huachishwa pale tu mwajiri anapokosa fedha, amekosea. Na anayedhani kwamba kila aliyeachishwa alikuwa mvivu, amekosea zaidi. Watu waliondolewa kwa sababu hesabu za wakubwa zilibadilika. Twalisema hili kwanza kwa sababu aibu ndiyo sumu inayowaua wengi, na aibu hiyo mara nyingi haina msingi.

Kwa mgeni jambo hili lina ukali wake. Anayefanya kazi Marekani kwa viza ya aina ya H-1B, akipoteza kazi huwa na muda usiozidi siku 60 wa kupata mwajiri mwingine, au kubadilisha hali yake ya ukaazi, la sivyo afunge mizigo. Watoto wako shuleni, kodi ya nyumba inadaiwa, na siku zinahesabika. Miongoni mwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioko huko wapo wanaoijua hesabu hii kwa moyo.

Nako Nairobi, mwezi wa Januari 2023, kampuni ya Sama, iliyokuwa na mkataba wa kuchuja maandishi na picha mbaya za Facebook, ilitangaza kuiacha kazi hiyo. Wachujaji wapatao 260 wakaambiwa kwamba kazi yao inakwisha. Baadhi yao walikuwa wametoka nchi nyingine za Afrika. Hawakuahidiwa yale ya California. Mwezi wa Machi kundi miongoni mwao likaenda mahakamani, na mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikakubali kwamba Meta yaweza kushtakiwa nchini humo. Kazi ni ya mtandao mmoja, lakini mmoja hupewa wiki 16 za mshahara na mwingine hulazimika kutafuta wakili.

Kwa nini kungoja kunaumiza

Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College London walitangaza jaribio walilofanya kwa watu 45. Kila mmoja alicheza mchezo wa kompyuta, akikisia kama chini ya jiwe yupo nyoka au hayupo. Akitokea nyoka, mchezaji alipata mshtuko wa umeme mkononi. Wataalamu wakapima jasho na mboni za macho. Waliotaabika zaidi hawakuwa wale waliojua kwa hakika kwamba watapigwa na umeme. Taabu kubwa kuliko zote ilikuwa pale ambapo uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu.

Basi ndugu anayekosa usingizi kwa kungoja barua asijione kwamba ni dhaifu wa imani. Hivyo ndivyo mwanadamu alivyoumbwa. Lakini kutokana na jaribio hilo twapata pia dawa. Ikiwa kinachotesa ni kutojua, basi kila jambo dogo tunalolitoa katika giza na kulifanya lijulikane hupunguza mateso. Hatuwezi kujua atakachoamua mwajiri, ila yapo mengi tunayoweza kuyajua leo, nasi twayaacha kwa hofu.

Yaliyo mikononi mwetu

La kwanza ni kujua haki. Toa mkataba kabatini, uusome. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ashauriane kwanza na wafanyakazi au chama chao, na kiwango cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, hadi miaka kumi. Huko Marekani, mwenye umri wa miaka 40 au zaidi anayeachishwa pamoja na wenzake, akitakiwa atie sahihi kwamba hatashtaki kwa ubaguzi wa umri, hupewa siku 45 za kufikiri, na siku saba za kubadili nia baada ya kutia sahihi. Watu hutia sahihi siku ile ile, mkono ukitetemeka, kwa kutojua kwamba walikuwa na nafasi. Haraka haina baraka, na hapa zaidi.

La pili ni hesabu ya nyumba. Mume na mke wakae pamoja, waandike kinachotoka kila mwezi, na wagawanye akiba kwa hesabu hiyo. Jawabu laweza kuwa miezi miwili, laweza kuwa saba. Hata likiwa dogo ni afadhali kuliko hofu isiyo na kipimo. Wako wanaume wanaowaficha wake zao, wakaendelea kuvaa na kutoka asubuhi kama kwamba kazi bado ipo, na nyuma yao wanakopa kwa riba ili mambo yaonekane kuwa sawa. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mke aliyeambiwa mapema ni mshauri. Aliyefichwa hugeuka kuwa mshitaki. Na watoto waambiwe kwa kadiri ya umri wao, maana mtoto huona uso wa baba kabla hajasikia neno.

La tatu ni kulinda mpangilio wa siku. Huko Austria kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal ambacho karibu watu wake wote waliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa. Katika miaka ya 1931 na 1932 watafiti, akiwamo Bibi Marie Jahoda, walikwenda kuangalia maisha ya watu wale. Mtu angetazamia kwamba kwa kuwa sasa wana nafasi, wangesoma zaidi. Kinyume chake, vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua sana. Wanaume walitembea polepole, wakasimama njiani bila sababu, wala hawakuweza kueleza siku ilikwenda wapi. Wanawake, ambao bado walikuwa na kazi za nyumbani, hawakupotelewa na saa namna ile. Basi aliyeachishwa, na hata anayengoja, ajiwekee saa ya kuamka, saa ya kutafuta kazi, saa ya kujifunza ufundi mpya, na saa ya kuacha yote. Sisi tulio na sala tano tumekwisha kupewa nguzo za kusimamishia siku. Wenye kuzitumia kwa kazi hiyo wanajua nguvu yake.

La nne ni kutoa uchungu mahali pake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994 huko Marekani, wataalamu 63 walioachishwa na kampuni kubwa ya kompyuta waligawanywa mafungu. Fungu moja waliandika kwa siku tano mfululizo yale waliyoyaona moyoni juu ya kupoteza kazi ile. Wengine waliandika mipango yao tu, au hawakuandika kitu. Baada ya miezi minane, walioandika uchungu wao ndio waliokuwa wamepata kazi kwa wingi zaidi, ingawa hawakuomba nafasi nyingi kuliko wenzao. Watafiti waliona kwamba aliyekwisha kuutua mzigo wa hasira hauchukui tena mbele ya mwajiri mpya. Basi andika, au mweleze mtu mwaminifu, au lia mbele ya Mola wako usiku. Usilitangaze mitandaoni wala kuwamwagia watoto.

Wajibu wa jamaa

Sasa twageukia msikiti. Mwenzetu akifiwa, twajaa nyumbani kwake. Akiachishwa kazi twamkwepa, kwa kuogopa ama kumwaibisha ama kuombwa fedha. Yeye naye aona haya, aanza kukaa safu ya nyuma, kisha haonekani. Hivyo mtu hupoteza kazi na jamaa kwa wakati mmoja.

Twapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Aendewe wiki ile ile, si baada ya kuomba. Asiulizwe kila Ijumaa, "Umepata?" Neno hilo dogo humrudisha nyumbani bila kusalimia watu. Aulizwe hali, apewe jambo la kufanya katika shughuli za msikiti, maana mtu aliyeambiwa na kampuni kwamba hahitajiki ana haja kubwa ya kuhitajiwa mahali. Wenye biashara na wenye vyeo watoe habari za nafasi wanazozisikia. Wenye uwezo watoe karadha isiyo na riba, iandikwe na ishuhudiwe, ili asiingie mikononi mwa wakopeshaji. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Na waliobakizwa kazini nao wasisahauliwe. Hao hubeba kazi ya waliotoka, tena kwa hofu ya zamu yao. Wasiseme, "Mimi nimesalimika kwa ustadi wangu." Mwezi wa Februari 2025 Meta iliondoa kama asilimia tano ya watu wake ikiwaita wenye utendaji mdogo, na wako miongoni mwao waliojitokeza hadharani kusema kwamba tathmini zao zilikuwa nzuri. Anayejua hayo hatamcheka mwenzake.

Neno la mwisho

Tumesema kwamba mwenye kuruzuku ni Mungu, nasi twalisema kila siku. Lakini kampuni ikiyumba ndipo hudhihiri kama tulilisema kwa ulimi au kwa moyo. Mshahara ni mfereji, si chemchemi. Mfereji ukiziba huuma sana, na anayesema hauumi hajapata kuzibiwa. Hata hivyo aliyeiona chemchemi nyuma ya mfereji hushika jembe akachimba mwingine, wala haketi kando akiutazama ule uliokauka. Hiyo ndiyo subira tunayoifahamu: kusoma mkataba, kuhesabu akiba, kumwambia mke kweli, kuamka alfajiri, kisha kumwachia Mola lile lisiloweza kufikiwa na mikono yetu.

Mwenyezi Mungu awape utulivu wote wanaongoja habari wasiyoijua, awafungulie milango waliofungiwa, na atujalie sisi sote tuwe miongoni mwa milango hiyo. Amin.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.