Mkono Unaowaandalia Wengine: Hotuba kwa Wakazi wa Kata ya Chang'ombe



Nawaletea habari za Janet Wanja, dada yetu wa Kenya. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 20, aliichezea timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa wavu katika Olimpiki ya Athens. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuwaandalia wenzake mpira. Wao wakapiga, wao wakashangiliwa.

Alipostaafu hakuupa mchezo kisogo. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo wa timu ile ile, akaenda nayo Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Desemba ya mwaka huo aliaga dunia, akiwa na miaka 40.

Nasi hapa tunao waliocheza shuleni, jeshini na kazini. Leo wamekaa majumbani, huku mabinti zetu wakirusha mpira bila wa kuwaelekeza. Ujuzi usiorithishwa huzikwa na mwenyewe. Anayejitambua katika maneno haya afike kwa Mtendaji wa Kata ajitolee. Jioni moja kwa juma inatosha kuanzia.