Jumuiya ikivunjika, anayelipa ni mtu wa mpakani



Mkulima mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, ameniletea swali. Anauliza: hizi jumuiya za biashara mnazozitaja redioni, mara nchi hii imeingia, mara ile imetoka, zinamhusu nini mtu mwenye kibanja cha migomba na mibuni michache?

Swali hilo limekuja wakati wake. Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Mwezi Januari 2025, Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa katika jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ECOWAS. Lakini mtu wa Bukoba au Muleba hana haja ya kwenda London wala Bamako kujifunza mambo haya. Yamekwisha mpitia hapa hapa nyumbani.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: jumuiya ikivunjika, biashara haifi na watu hawaachi kutembea. Kinachobadilika ni jina. Aliyekuwa mfanyabiashara huitwa mlanguzi, na aliyekuja kumsalimu shangazi yake huitwa mhamiaji haramu. Gharama ya kubadilishwa jina hulipwa na mtu wa mpakani, ambaye hakuulizwa.

Tutazame ramani kwanza. Kutoka Bukoba mjini hadi Mutukula, mpakani na Uganda, ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Kampala iko kiasi cha kilomita 300. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,300. Mpaka wenyewe ni mstari ulionyooka katika digrii 1 kusini ya Ikweta, uliotokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Waliouchora hawakufuata Mto Kagera wala hawakuuliza nani ameoa wapi.

Kwa hiyo tangu zamani mkoa huu ulitazama kaskazini na ziwani. Hadi mwaka 1966 shilingi ya Bukoba na ya Kampala ilikuwa moja. Vijana wa Buhaya waliofaulu walikwenda Makerere. Wengine walivuka kutafuta kazi na biashara Buganda. Na wakati huo huo watu kutoka Rwanda na Burundi walikuja kufanya kibarua katika vibanja vya kahawa vya Bukoba, ingawa nchi zao hazikuwa katika Jumuiya yetu. Ziwani, meli zilizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, iliwabeba wanafunzi, wafanyabiashara na wagonjwa bila kujali sana wametoka nchi gani.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Kampala mwezi Juni 1967, ukaanza kazi Desemba mwaka huo, makao makuu yakiwa Arusha. Reli, bandari, posta, simu na ndege vilikuwa mali ya pamoja. Nyufa hazikukawia. Kenya ilikuwa na viwanda vingi zaidi, na Tanzania na Uganda zikaona kwamba faida inakwenda upande mmoja. Januari 1971 Idi Amin akatwaa madaraka Uganda. Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na kikao cha wakuu wa nchi hakikukutana tena. Mwaka 1977 shirika la ndege likavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na katikati ya mwaka Jumuiya ikawa imekwisha. Mpaka huo ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mwezi Mei 1984 mali na madeni yakagawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26.

Asilimia hizo ziligawa mabehewa na meli. Hazikuwa na fungu la mwanamke wa Bukoba aliyekuwa akipeleka bidhaa zake Port Bell. Victoria ilibaki Tanzania na safari ya kuzunguka ziwa ikafa. Bidhaa za viwanda vya Kenya zilizofika kwa maji zikawa adimu. Wafanyakazi wa Jumuiya nao walirudi makwao bila mafao yao, na zaidi ya miaka 25 baadaye wazee hao walikuwa bado mahakamani wakidai.

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, yakaiteka ardhi ya kaskazini ya mto na kulipua daraja la Kyaka. Sisemi kwamba vita vililetwa na kuvunjika kwa Jumuiya. Uhasama ulikwishaanza, na Bukoba ilikwisha pigwa mabomu mwaka 1972. Ninachosema ni kwamba majirani wasio na meza ya kukutania hukosa mahali pa kuzimia moto ukiwa bado cheche.

Baada ya vita ukaja uhaba. Wenye umri wanakumbuka foleni za sabuni, chumvi na nguo. Ndipo neno magendo likawa la kila siku. Kila bei ya kahawa ilipokuwa nzuri zaidi ng'ambo, kahawa ilivuka usiku kwa njia za panya na kwa mitumbwi, na mitumbwi ikarudi na sabuni. Mwaka 1983 ikatangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walikuwapo wahujumu wa kweli. Lakini walikuwapo pia watu waliofanya vile vile walivyofanya baba zao.

Sasa nije kwenye mfano wa pili, maana haki haina budi kutendeka. Tanzania yenyewe imewahi kujitoa katika jumuiya ya biashara. Mwaka 2000 ilitoka katika soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, COMESA. Serikali ilieleza kwamba imekuwa katika jumuiya nyingi mno, na kwamba kuondoa ushuru kungepunguza mapato na kuvitia viwanda mashakani. Je, Bukoba iliumia kama mwaka 1977? Haikuumia hivyo. Sababu ni kwamba mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulianza kufanya kazi Julai 2000. Nchi ilihama nyumba moja na nyingine imekwisha ezekwa. Mwaka 1977 tulitoka tukaingia kwenye mvua, tukanyeshewa kwa miaka 23.

Waingereza nao wamejifunza lao. Wengi walipiga kura ya kutoka wakitaka wageni wapungue. Mwaka 2021 wakakosa madereva wa malori hata mafuta yakaadimika vituoni. Watu kutoka Ulaya walipungua, lakini waliotoka mabara mengine wakaongezeka kupita ilivyotarajiwa. Kazi ikiwapo, mtu wa kuifanya atatafuta mlango. Wenye vibanja wa Bukoba na Muleba waliwahi kuliona hilo zamani.

Hata hivyo, nisije nikamdanganya mkulima wangu wa Kamachumu kwamba kuwa ndani ya jumuiya kunatosha. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007. Itifaki ya soko la pamoja, inayozungumzia watu kutembea na kufanya kazi, ilianza Julai 2010. Lakini mwaka 2013, katika operesheni iliyoitwa Kimbunga, maelfu ya watu waliondolewa Kagera na mikoa jirani. Serikali ilikuwa na hoja: ujambazi wa silaha barabarani na mifugo iliyojaa hifadhini. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo waliokaa hapa miongo kadhaa, wenye wake, waume na watoto wa hapa hapa. Itifaki ilikuwapo, na nyumba zikagawanyika.

Vile vile Julai 2025 Serikali ilizuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, mojawapo ikiwa kununua mazao shambani. Shabaha ni kumlinda mchuuzi wetu, na anastahili kulindwa. Lakini mkulima aliyekwisha uza kahawa yake ikiwa bado mtini, kwa ule mtindo wa butura, analindwa na nani? Mnunuzi anayemnyonya mara nyingi ni jirani yake, raia kama yeye. Bei ya ng'ambo ikiwa nzuri zaidi, kahawa itavuka, na safari hii tena itavuka usiku.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, nchi isitoke katika jumuiya yoyote kabla ya kujua itaingia wapi. Pili, ushirika umlipe mkulima haraka na bei inayokaribiana na ya jirani. Hilo litazuia magendo kuliko askari 100. Tatu, wazee waliohamia hapa zamani wasajiliwe na kupewa hati inayoeleweka, ili siku ya operesheni pasiwe na kubahatisha.

Mwaka 2017 Marais Magufuli na Museveni walifungua kituo cha pamoja Mutukula, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Ni jambo jema. Malori makubwa yanapita vizuri. Sasa tutazame kama mama mwenye mikungu mitatu ya ndizi naye anapita pale mchana, au bado anaona afadhali njia ya panya.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.