Mchungaji na Matimba ya Kanisa

Ndugu wasikilizaji, juma hili nazungumza na wachungaji wa makanisa, hasa wa Shinyanga na wa machimbo ya dhahabu ya Geita. Wewe usiye mchungaji usizime redio. Huenda u mzee wa kanisa, au jirani wa watu nitakaowataja.

Mchungaji akiulizwa hali ya kanisa lake, mara nyingi hujibu kwa hesabu: waumini wameongezeka, sadaka imepanda, mabati ya paa jipya yamefika. Hayo ni mema, wala sina ugomvi nayo. Lakini mchimbaji mdogo wa Geita halisifu duara kwa sababu watu wengi wameshuka humo. Hutazama kwanza matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Matimba yakiwa mabovu, wingi wa watu ndio ukubwa wa msiba.

Matimba ya kanisa ni yapi? Kwa maoni yangu, ni usalama wa aliye mnyonge kuliko wote miongoni mwa waumini na majirani zao.

Tuanze na bibi kizee. Katika Usukuma wanawake wazee wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi ukawa macho mekundu. Macho hayo yana habari yake. Miti ya Shinyanga ilifyekwa miaka mingi, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ili kuirudisha. Kuni zilipoadimika, akina mama walipikia mabua ya pamba na samadi kavu, na moshi ukawaumiza macho miaka nenda rudi. Sasa, mhubiri anayewapigia kelele wachawi kila Jumapili anamwacha wapi bibi huyu? Kijana aliyefiwa na mtoto, akilisikia neno hilo mimbarani, atatoka akimtafuta jirani. Yafaa zaidi mchungaji amtembelee bibi Jumatatu, mchana kweupe, watu wakiona, na vijana wa kanisa wamjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi nje.

Tuje kwa wenye ualbino. Kuanzia mwaka 2007 waliwindwa katika Kanda ya Ziwa, kwa kuwa waganga walidanganya kwamba viungo vyao huleta bahati ya machimbo na ya uvuvi. Watoto wakakimbiziwa Shule ya Buhangija, Shinyanga. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Machi mwaka huo huo Mahakama Kuu iliwahukumu kifo watu wanne kwa mauaji ya mwanamke mwenye ualbino yaliyotokea Geita mwaka 2008. Mmoja wao alikuwa mume wake. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Wateja wa waganga hao hawakutoka nchi za mbali. Ni majirani, nao majirani wengi tunakaa nao benchi moja Jumapili. Mchimbaji akiambulia mawe matupu miezi mitatu, huenda kwa mganga usiku kwa sababu mchana hakuna aliyemwuliza hali. Siku akipata, huja na bahasha nene ya sadaka, na mchungaji humwombea baraka bila swali.

Ndugu mchungaji, uliza. Mwulize wakati wa njaa yake, si wakati wa bahasha tu: "Mwanangu, kazi inakwendaje? Nani anakushauri?" Ukimzoea hivyo, atakuja kwako kabla ya kwenda kwa mganga. Ukiona fedha ina shaka, irudishe; na penye dalili ya kudhuru mtu, wajulishe polisi siku hiyo hiyo. Najua paa litachelewa. Na lichelewe. Waumini wamekwisha kusali chini ya mwembe, wala imani yao haikupungua.

Basi Jumapili ijayo wazee wa kanisa wakimaliza kuhesabu sadaka, wafungue daftari la pili. Waandike vikongwe wanaolala peke yao na nyumba zenye watoto wenye ualbino, kisha wagawane siku za kuwatembelea. Askofu akija kukagua, aonyeshwe daftari hilo kwanza.

Kwaherini.