KIUNGULIA: SABABU ZAKE NA NAMNA YA KUKITULIZA

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya wafanyakazi wa Serikali, siku chache kabla ya kuanza kwa mwezi mtukufu wa Ramadhani.



Nimetakiwa nizungumze juu ya maradhi ambayo wengi wetu hatuyahesabu kuwa ni maradhi, nayo ni kiungulia. Mtu amekula akashiba, amejinyoosha kitandani, mara kifua kinamuungua kutoka chembe cha moyo hadi kooni, na maji makali yanamjaa kinywani. Asubuhi akiulizwa husema, "Nyongo imenipanda," kisha akaenda zake kazini. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuyafikisha kwenu maneno ya madaktari. Mengine nimefunzwa na mwili wangu mwenyewe, kwani kiungulia nimekaa nacho miaka mingi kabla sijakubali kuuliza.

Kinachopanda mara nyingi si nyongo bali ni tindikali, ambayo tumbo huitengeneza kwa ajili ya kuyeyusha chakula na kuua vijidudu. Tumbo lina utando wa kulikinga na ukali huo, lakini umio hauna kinga kama hiyo. Pale umio unapoungana na tumbo pana msuli mfano wa pete, hufunguka kupitisha chakula kisha ukajifunga. Pete hiyo ikilegea, au tumbo likijazwa hata likaisukuma, tindikali hupanda juu na kuuchoma umio. Ndiyo maana mgonjwa huuliza, "Nimekula nini?", na daktari humuuliza kwanza: ulikula kiasi gani, saa ngapi, na ulipomaliza ulifanya nini?

Naomba tuutazame mwezi unaotujia kwa maswali hayo matatu. Tumbo limekaa tupu mchana kutwa. Inapoadhiniwa Magharibi, kuna mihogo ya nazi, viazi vikuu, ndizi mbivu, tambi, sambusa, kachori na bajia, na mtu hula vyote hivyo katika muda wa dakika kumi. Vitu vya nazi na vya kukaanga hukawia kutoka tumboni. Baada ya hapo anakwenda kusali Tarawehe, na kila anaporukuu na kusujudu, tumbo lililojaa linaminywa na maji makali yanampanda kooni. Wapo wanaodhani kuwa ni udhaifu wa afya zao. Ni futari ile.

Dawa yake tumeifundishwa tangu chuoni: kufuturu kwa tende na maji, kwenda kusali, kisha kurudi kula kwa utulivu na kubakisha nafasi tumboni. Anayefanya hivyo atakuta kuwa hata hamu ya zile bajia imepungua.

Daku ndiyo iliyonisumbua mimi zaidi. Nilikuwa nikila wali saa kumi za usiku, nikisali Alfajiri, kisha nikirudi kitandani mpaka wakati wa kazi. Nilifika ofisini koo likiniwaka na sauti imekwaruza, nikisingizia vumbi la mafaili. Madaktari wanashauri zipite saa tatu hivi kati ya chakula na kulala. Kwa mwenye kula daku hilo ni zito, nami sidai kuwa nimeliweza kila siku. Nilichokiweza ni kupunguza wali, kuacha mchuzi wa mafuta wakati huo, na kukaa kitako baada ya sala badala ya kulala. Aliyeelemewa na usingizi ni afadhali aegemee kwenye kiti.

Kwa wanaosumbuliwa usiku, ipo njia isiyokuwa na gharama. Inueni mchago wa kitanda. Wekeni magogo au matofali madhubuti chini ya matendegu mawili ya upande wa kichwani, kiasi cha sentimita 15 hadi 20, ili mwili wote uteremke kidogo kutoka kichwani kwenda miguuni. Kurundika mito hakutoshi, kwani mito huikunja shingo na kulibana tumbo. Kulalia ubavu wa kushoto nako kunasaidia, kwa sababu ya namna tumbo lilivyokaa. Najua kuwa tumefundishwa kulalia ubavu wa kulia, na mwenye kupenda kuishika sunna hiyo simkatazi. Mchago ulioinuliwa utamfaa ubavu wowote.

Sasa vyakula. Urojo wenye ukwaju na pilipili, embe mbichi, ndimu, nyungu ya kahawa, chai kali, soda na chokoleti huwaamsha wengi, lakini si wote. Yupo anayekula pilipili mbuzi asihisi kitu, na yupo asiyeweza hata kitunguu kibichi. Nanaa, ambayo tunainywa kama dawa ya tumbo, huweza kuilegeza pete ile. Basi usijinyime kila kitu kwa kusikia maneno ya watu. Andika kwa wiki mbili ulichokula na saa kilipokushika kiungulia, na daftari litakwambia. Sigara haihitaji daftari, iacheni. Kitambi nacho hulisukuma tumbo kutoka nje, na mkanda wa suruali uliokazwa hufanya vivyo hivyo. Mama wajawazito hupatwa sana, kwa sababu pete hulegea na mtoto hulisukuma tumbo juu. Wao wale kidogo kidogo mara nyingi, na wasinunue dawa bila ya kuuliza kliniki.

Katika dawa pana makosa mengi. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutengeneza tindikali nyingine. Soda ya kupikia ina chumvi nyingi ya sodiamu na haimfai mwenye shinikizo la damu. Vidonge vya kutafuna vya kupunguza tindikali vinafaa kwa siku moja moja. Omeprazoli ina nguvu zaidi, na humezwa kiasi cha nusu saa kabla ya kula. Katika Ramadhani humezwa kwa maji ya kufuturu, mtu akaenda kusali, akarudi kula. Si dawa ya kumeza mwaka mzima bila ya daktari kujua. Na mwenye kumeza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini kwa maumivu amwambie daktari, kwani dawa hizo hulidhuru tumbo. Lakini aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake.

Tusichanganye pia kiungulia na vidonda vya tumbo. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aliyegunduliwa na Robin Warren na Barry Marshall huko Australia mwaka 1982, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Huyo hupimwa, na hutibiwa kwa viuavijasumu. Kununua viuavijasumu hivyo kwa sababu ya kiungulia ni kupoteza fedha.

Nendeni hospitali bila ya kungoja mwezi uishe iwapo chakula kinakwama mnapomeza, mnatapika damu, choo kimekuwa cheusi kama lami, au mwili unakonda bila ya sababu. Mwenye kiungulia zaidi ya mara mbili kwa wiki naye aende akapimwe.

Nimeliweka mwisho jambo moja makusudi. Mwenzetu mmoja wa ofisini, miaka iliyopita, alishikwa na moto kifuani asubuhi. Alisema ni kiungulia, nasi tukamsadiki, tukamletea maji ya ndimu. Alikaa mezani kwake mpaka mchana, jasho likimtoka chini ya feni. Ulikuwa ni moyo. Alipona, lakini nguvu zake hazikurudi, nami nikikumbuka gilasi ile ya ndimu huona haya. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda begani, mkononi au tayani, yenye jasho la baridi, kichefuchefu au pumzi fupi, msiyape jina la kiungulia. Hata ikiwa ni saa nane za usiku, mwamsheni jirani mwenye gari.