Leseni ya Vileo na Neno la Jirani

Leo twapenda kuzungumza habari ya maduka madogo ya mitaani huko Uingereza, na jinsi mabaraza ya miji yanavyoamua kama duka lipewe ruhusa ya kuuza vileo au linyimwe. Neno hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna riziki ya mwenye duka, usingizi wa majirani zake, na usalama wa watoto wao.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mahakimu. Sheria ya mwaka 1552 ndiyo iliyowapa mamlaka ya kutoa ruhusa za vilabu vya pombe. Sheria ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 24 Novemba 2005, iliwaondolea mahakimu kazi ya leseni na kuwapa madiwani, katika Uingereza na Wales. Scotland ina sheria yake mbali.

Tuseme mtu ana duka pembeni mwa njia. Auza mkate, maziwa na sabuni, na sasa ataka kuuza bia na mvinyo hadi saa tano za usiku. Kwanza yampasa kuandika maombi, aeleze saa atakazouza na jinsi atakavyozuia mambo yasiharibike. Kisha abandike mbele ya duka tangazo katika karatasi ya samawati hafifu, nalo likae hapo siku 28, kila apitaye aweze kulisoma. Polisi, zimamoto, wakuu wa afya na walinzi wa watoto hupewa habari. Siku hizo ndizo za kusema.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Ikiwa siku zimekwisha na hakuna aliyeleta hoja, baraza halina hiari. Sheria yalilazimisha kutoa leseni, hata kama madiwani wenyewe hawapendezwi. Wahenga wetu walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Walakini mbele ya baraza hili kimya hakina mshindo wowote. Kimya ni ridhaa.

Wala si kila neno husikilizwa. Sheria imetaja mambo manne tu: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia udhia kwa umma, na kuwalinda watoto wasidhurike. Mtu akisema, "Mimi nachukia pombe," au, "Maduka ya namna hii yametosha," hiyo si hoja. Wingi wa maduka huwa hoja pale tu unapoleta madhara katika mambo hayo manne, na baraza lenye ushahidi laweza kutangaza kwamba mtaa fulani umezidiwa. Lakini mtu akisema, "Kila Ijumaa usiku watu hunywa penye ngazi za nyumba yetu na kuvunja chupa, nasi tuliwaita polisi katika tarehe hizi," huyo amesema neno lenye uzito.

Hoja zikiwapo, kwa kawaida madiwani watatu huketi, wakawasikiliza mwenye duka, majirani na polisi. Waweza kukubali, au kukataa, au kukubali kwa masharti. Masharti ndiyo njia ya kati: uuzaji wa vileo ukome mapema kuliko ulivyoombwa; bia kali zisiuzwe; muuzaji adai hati ya umri kwa kila mnunuzi aonekanaye hajatimiza miaka 25, maana kumwuzia kileo mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Asiyeridhika, akiwa mwenye duka au jirani aliyeleta hoja, ana siku 21 za kukata rufani kwa mahakimu. Hata baada ya leseni kutolewa, jirani mwenye ushahidi aweza kuomba itazamwe upya. Nayo yaweza kuongezwa masharti, kusimamishwa kwa muda usiozidi miezi mitatu, au kufutwa kabisa.

Twaona haki katika njia hii, maana mwenye duka hanyimwi riziki kwa chuki ya mtu au wivu wa mshindani. Lakini tusifiche upungufu wake. Yamfaa zaidi yule ajuaye kusoma na kuandika na mwenye nafasi. Ajuza asiyetoka nyumbani, au mfanya kazi wa usiku alalaye mchana, huenda asilione tangazo mpaka siku zimepita. Kwa hiyo jirani aliyeliona na awaambie wenzake.

Nasi huku jambo hili latugusa. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeziweka leseni za vileo mikononi mwa serikali za kaunti, karibu na wananchi. Basi, ndugu wasikilizaji, mwonapo tangazo mlangoni mwa duka, lisomeni lote, tazameni siku ya mwisho, andikeni mliyoyaona kwa macho yenu, na mpeleke maneno yenu mapema. Kwaherini.