Kemia Baada ya Magharibi

 

Leo naongea na wewe uliyemaliza fomu foo kitambo. Saa hii wauza duka Langoni, waendesha boti, ama wafundisha chekechea Faza, na moyoni bado wataka kuwa nesi au daktari. Umeambiwa umechelewa. Nani kasema?

Kwenye mikutano ya kaunti twalia kila siku. Mama akishikwa na uchungu usiku kule Kizingitini, apelekwe Lamu kwa boti, na maji yakipwa Mkanda ni tabu kupita. Ni haki kulia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kimetupa haki ya afya. Tutaidai. Lakini nafasi za kazi zikitangazwa, wangapi wetu wana cheti cha kuomba? Na dada yetu anayeona haya kupimwa na mwanamume, nani atamhudumia kama wasichana wetu hawakusomea?

Imam Ghazali alilalamikia haya katika Ihya, zaidi ya miaka 900 iliyopita. Tiba ni fardhi kifaya, alisema, na bado kuna miji haina tabibu Muislamu, huku watu wakisongamana kwenye fiqhi.

Sasa njia ni hii. Kama ni alama za sayansi zilizokuzuia, KNEC yaruhusu kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Ukitaka wastani mpya, jisajili kwa masomo saba, sio kemia peke yake. Ada walipa mwenyewe, basi anza kuweka akiba leo. Diploma za KMTC, ambayo ina kampasi hapa Lamu, nyingi zataka wastani wa C, na wataangalia pia alama za baiolojia na kemia. Maombi yapitia KUCCPS. Udaktari wa chuo kikuu ni C+ kwenda juu, na ushindani ni mkali. Soma tangazo la mwaka unaoomba.

Na usilale. Kundi la mwisho la 8-4-4 lafanya KCSE 2027.

Nadharia yasomeka usiku: watu watano, mwalimu mmoja, baada ya Magharibi. Lakini karatasi ya tatu ya kemia ni ya vitendo, na bureti haifundishwi kwa simu. Hapo ndipo haki yaingia. Kifungu hicho hicho cha 43 chataja elimu. Maabara za shule zetu zafungwa wikendi nzima. Tuwaandikie walimu wakuu na bodi zao, kwa adabu na kwa maandishi, wawafungulie watahiniwa wa kibinafsi kila Jumamosi.

Basi usiondoke bila kuandika jina lako na somo lililokuangusha. Msione haya. Mkifika watano mtaa mmoja, hilo ni darasa, na barua ina watu nyuma yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.