Usikanyage Betheli

Ninawasalimu kutoka Busia, mji wetu wa mpakani, ambapo malori hulala foleni na kijana wa boda boda aweza kunywa chai Uganda na kula ugali wa mchana Kenya.

Somo letu latoka katika kitabu cha nabii Amosi, sura ya 7, aya ya 10 hadi 17. Wenye Biblia karibu wafungue. Mlio jikoni au njiani, sikilizeni tu. Amosi alikuwa mchunga mifugo, mtu wa Yuda, yaani wa upande wa pili wa mpaka. Mungu akamtuma avuke akahubiri Betheli, katika Israeli. Aliyemzuia hakuwa mpagani. Alikuwa kuhani, jina lake Amazia. Kwanza alimpelekea mfalme habari kwamba mtu huyu anafanya fitina. Kisha akamwambia Amosi arudi kwao Yuda akatafute riziki yake huko, wala Betheli asihubiri tena, kwa sababu hapo ni mahali patakatifu pa mfalme.

Liangalieni neno hilo, ndugu zangu. Pa mfalme! Na Betheli watu walikuwa wakiabudu kweli kweli. Sadaka zilitolewa, zaka zililetwa, nyimbo ziliimbwa, na jina la Mungu wa Israeli lilitajwa. Ilikuwa nchi ya dini sana.

Sisi wa Busia yatupasa kuisoma sura hii polepole. Mwezi wa Agosti 1990, Waziri wa Kazi wa wakati ule, Peter Okondo, naye alikuwa mwenyeji wa wilaya hii hii, alitangaza kwamba Askofu Alexander Muge wa Eldoret na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini wakikanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke hai. Kosa lao lilikuwa kusema mimbarani habari za unyang'anyi wa ardhi na wizi wa kura. Tarehe 14 Agosti Askofu Muge akaja. Alihubiri hapa, akawasalimu watu, akaanza safari ya kurudi nyumbani. Kule Kipkaren gari lake likagongana na lori la maziwa, akafa. Waziri alijiuzulu, dereva wa lori akafungwa, na hadi leo wengi hawajaridhika kwamba ile ilikuwa ajali tu. Mimi si hakimu. Wakati ule nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na ninachokumbuka ni kwamba watu wazima walinyamaza kila tulipoingia chumbani.

Wazee wetu walikuwa wameisikia habari ya namna hiyo mara moja kabla. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ya Idi Amin ikasema ati ni ajali ya gari. Wakimbizi wakavuka hapa Busia na kule Malaba, wengine na godoro kichwani, wengine mikono mitupu. Watu wa upande huu waliwapokea, na nyumbani kwetu maneno yaliyosemwa yalikuwa haya: haya yote ni kwa sababu Amin si Mkristo, sisi tunashukuru, wakubwa wetu wanasali.

Ni kweli, walisali. Kila Jumapili jioni taarifa ya habari ilituonyesha Rais Moi akitoka kanisani. Lakini katika nchi hiyo ya wakubwa wanaosali, miaka 13 baada ya Luwum, askofu aliambiwa asikanyage Busia. Basi dini ya mtawala haikuwa ngao kama tulivyodhani.

Kuna jambo lingine la mwaka ule wa 1977 ambalo sisi Waanglikana hatupendi kulitaja. Mwezi wa Septemba Amin alipiga marufuku madhehebu na vyama vya dini 27. Walioachwa ni Waislamu, Wakatoliki, Waorthodoksi, na sisi. Wapentekoste, Wabaptisti, Waadventista na Jeshi la Wokovu wakawa wahalifu kwa kusali tu. Nanyi mnaosikiliza kutoka Bungoma mwajua kwamba Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku na Waingereza mwaka 1948, kisha tena na serikali yetu wenyewe mwaka 1968. Mimi sikubaliani na mafundisho yao hata kidogo. Lakini serikali ikishika orodha ya dini zilizo halali, yaweza kuongeza jina na kufuta jina, na sisi hatujui kesho kalamu iko mkononi mwa nani.

Nasema hivi kwa sababu nasikia wapendwa wakitamani Kenya itangazwe kuwa nchi ya Kikristo, kama Rais Chiluba alivyoitangaza Zambia mwaka 1991. Wengi wao ni watu wa maombi, siwadharau. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 8, yasema nchi hii haina dini ya serikali, nayo ya Uganda ya 1995 yasema vivyo hivyo katika kifungu cha 7. Wengine huona huko ni kumkana Kristo. Mimi naona ni kumnyima Amazia kazi.

Sasa niwaambie langu. Tarehe 12 Septemba 2021, kule Butere, Askofu Rose Okeno alipowekwa wakfu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataza wanasiasa kuhutubu makanisani mwetu. Nilifurahi. Baadaye tukafanya harambee ya mabati, akaja mheshimiwa mmoja na bahasha nzito, nami nikampa kipaza sauti. Akasema Kenya ni ya Kristo, na wa dini nyingine ni wageni, wajue mipaka yao. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Vipaza sauti vyetu vimeelekea barabarani. Ng'ambo ya barabara kuna mzee Mwislamu mwenye hoteli ya chai, ambaye kila Idi huwaletea watoto wangu pilau. Kesho yake alinisalimu kama kawaida, kisha akaniuliza, "Pasta, mimi nimezaliwa hapa. Ni mgeni wa nani?"

Nilimwomba msamaha pale pale, wateja wake wakisikia. Jumapili iliyofuata nikayasema haya mbele ya kanisa. Wengine walikasirika. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama nataka tuyarudishe mabati. Sikuwa na jibu. Yako juu ya kichwa changu kila nikihubiri, na mvua ikinyesha nayasikia.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwita Amosi kutoka nyuma ya kundi lake, utusamehe sisi makuhani tuliowalindia wakubwa mahali pao. Uwakumbuke usiku huu wale wasioruhusiwa kusali, wa dini yetu na wasio wa dini yetu, na jirani zetu wa ng'ambo ya barabara. Katika jina la Yesu. Amina.